Johari zetu zinafungia njugu

Aijuaye barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret anaijua Salgaa. Ni mji wa malori. Jua linapoinamia upande wa Molo, magari makubwa yenye shehena za Mombasa huegeshwa kando ya barabara, safu kwa safu, yakingoja alfajiri ili yaendelee na safari ya Malaba, Kampala, Kigali au Juba. Wengi hulisikia jina la mji huu katika taarifa za ajali tu, kwa sababu ya ule mteremko mrefu wa kutoka Sachangwan. Mimi, ambaye hupita hapo mara kwa mara nikienda na kurudi kazini, nimeuzoea kwa mahindi ya kuchoma, chai ya maziwa na njugu karanga.

Jioni moja ya mwaka jana nilinunua njugu za shilingi 20, zikiwa zimefungiwa katika karatasi iliyoviringwa umbo la pia. Nilizitafuna hadi zikaisha, na kama ilivyo ada ya mtu aliyezoea kusoma kila kilichoandikwa, nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa nusu ya chini ya ukurasa wa jina wa kitabu. Palikuwa na maneno "Eagle Press", majina ya miji mitatu ya Afrika Mashariki, na mwaka: 1954.

Msomaji kijana huenda asione ajabu yoyote hapo. Eagle Press lilikuwa jina lililotumiwa katika uchapishaji na East African Literature Bureau, asasi iliyoanza kazi mwaka 1948, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Charles Richards, ili kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Asasi hiyo ilitoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Waafrika, ikaeneza huduma za maktaba, ikaandaa na mashindano ya uandishi. Shindano lake la mwaka 1957 na 1958 ndilo lililomtoa Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 na kumzaa Bwana Msa, mpelelezi ambaye wengi wetu tulikesha naye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, asasi hiyo nayo ikavunjika, na kazi zake za upande wa Kenya zikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo karatasi niliyoishika ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha kitabu ambacho mzazi wake alikwisha kufariki.

Nikarudi kwa yule mama muuzaji. "Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?" Akaniangalia kwa shaka, pengine akinidhania askari wa kaunti. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwalimu tu, akacheka.

"Mwalimu, hicho si kitabu tena. Kitabu ni kile mtu anasoma. Hizi mimi nilinunua kwa kilo."

Chini ya meza yake palikuwa na mabaki. Jalada halikuwapo, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na njugu za watu, lakini nusu ya juu ya ule ukurasa wa jina ilikuwa bado haijafungiwa kitu. Nikaisoma: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala. Huyu ndiye Mnyampala ambaye wanafunzi humfahamu kwa ngonjera zake. Hapa alikuwa Mgogo akiandika habari za watu wake mwenyewe, kwa Kiswahili, miaka saba kabla ya uhuru wa nchi yake. Nikayanunua mabaki yale kwa bei ya njugu za watu kumi. Ndani ya ukurasa mmoja palikuwa na muhuri wa shule moja kongwe ya eneo hili, ambayo sitaitaja jina.

Siku nyingi nimeyatafakari maneno ya yule mama, na sikuona kosa ndani yake. Kitabu ni kile mtu anasoma. Tukiacha kukisoma, tukakisahau stoo mpaka jina lake likafutika katika orodha zetu, ni sisi tuliokigeuza karatasi. Yeye amekipa kazi tu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, karatasi imerudishiwa heshima yake sokoni. Wakati uo huo mtaala wa elimu umebadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na kila darasa linaloingia katika mtaala mpya linaacha nyuma marobota ya vitabu vya mtaala wa zamani. Mahitaji yamekutana na shehena. Vitabu vya juzi vinapotolewa stoo kwa toroli, vya miaka ya 1950 vilivyokuwa vimejificha chini yake hutoka navyo, wala hakuna anayeinama kuvitazama.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo kuhusu mifululizo ya vitabu. Mchapishaji anapotoa vitabu katika mfululizo, akavipa jina moja, sura moja na nambari, anavifanya ndugu. Nambari ya saba inakuambia kwamba sita vimetangulia. Na ukiona pengo katika rafu, unajua kuna ndugu aliyepotea. Mfululizo wetu mashuhuri kuliko yote barani ni African Writers Series wa Heinemann, ulioanza mwaka 1962 kwa Things Fall Apart cha Chinua Achebe, naye Achebe akawa mshauri wake kwa muda wa miaka kumi. Riwaya zake zilivikwa rangi ya chungwa, kama vile Penguin wa Uingereza walivyokuwa wamezivika riwaya zao tangu mwaka 1935. Leo wako watu Ulaya na Marekani wanaozisaka nakala za mwanzo za mfululizo huo, nambari kwa nambari, na kuzilipia fedha nyingi.

Lakini nani anaisaka mifululizo ya Kiswahili? Literature Bureau lilikuwa na mfululizo ulioitwa Johari za Kiswahili, ambamo tenzi zetu za kale zilihaririwa na kufasiriwa. Longmans walitoa, kuanzia miaka ya 1920, tafsiri za hadithi za dunia zilizowalea babu zetu waliosoma: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. East African Publishing House, lililoanzishwa mwaka 1965 na ambalo sasa halipo, ndilo lililotupa Shujaa Okonkwo mwaka 1973, yaani yule yule Okonkwo wa Achebe akisema Kiswahili. Vitabu hivi havisakwi na watalii wala wafanyabiashara. Tusipovitunza sisi, hakuna mwingine atakayevitunza.

Mwenye shaka ataniuliza: je, kazi zenyewe si zimechapishwa upya? Ya nini kuhangaika na karatasi zilizotafunwa na mende? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kama mwanaisimu.

Toleo jipya hutupa maneno ya mwandishi, aghalabu yakiwa yamesahihishwa. Toleo la kale hutupa maneno hayo pamoja na hali iliyoyazaa. Chukua neno moja tu la kazi hii yenyewe. Zamani kitabu "kilipigwa chapa", na aliyekifanyia kazi hiyo alikuwa "mpiga chapa". Leo kitabu "huchapishwa", na tunatofautisha mchapaji, mwenye mtambo, na mchapishaji, mwenye kubeba gharama na jukumu la kukitoa. Mgawanyo huo wa maneno ulifuata mgawanyo wa kazi, na ushahidi wake umo katika kurasa za mwanzo za vitabu, zile ambazo msomaji wa kawaida huziruka na mwenye njugu huzichana kwanza. Au chukua vitabu vya shule vya miaka ya 1930 na 1940. Ndani ya vingi vyake utakuta tangazo dogo kwamba Kiswahili chake kimekubaliwa na ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu. Sisi tunaofundisha historia ya usanifishaji huwaambia wanafunzi kwamba palikuwapo na chombo chenye mamlaka ya kupitisha lugha ya vitabu. Mwanafunzi hukariri, akajibu mtihani, akasahau. Mwonyeshe tangazo lenyewe, alipapase kwa kidole, kisha umwombe atafute maneno ambayo leo tungeyaandika vingine, hatasahau.

Kurasa hizo pia husema mambo ambayo mwandishi mwenyewe hakuyasema. Panga vitabu vya mwanzo vya Shaaban Robert mezani. Pambo la Lugha kilitolewa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Kusadikika na Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Mtu aliyekuwa akiandika Kiswahili bora kuliko wote wa zama zake alikuwa akibisha milango ya Johannesburg na ya Waingereza ili asomwe Tanga. Ukweli huo umeandikwa katika majalada. Ukiyatupa majalada, umeutupa.

Basi nirudi kwenye ule muhuri. Shule yenyewe haikuwa mbali, nami nikampigia simu mwalimu mkuu, kisha nikaenda. Alinipokea kwa ukarimu, akaniandalia chai, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Daktari, nina wanafunzi wapya, nina vitabu vipya, na nina stoo moja."

Akanipeleka nikaione. Paa lilikuwa likivuja pembe mbili, na mchwa walikuwa wamejenga njia yao ukutani. Karatasi kuukuu zilikuwa zimeuzwa kwa utaratibu halali, fedha zikanunulia madaftari ya wanafunzi wasiojiweza. Ningemlaumu kwa lipi? Sikuwa na la kumlaumu.

Katika pembe iliyosalimika palikuwa na rundo ambalo halikuwa limeuzwa bado. Nikapiga magoti. Palikuwa na Masomo ya Msingi, vitabu vilivyonifundisha mimi mwenyewe kusoma. Palikuwa na viwili vya rangi ya chungwa vya Heinemann. Na chini yake kabisa, jalada likiwa zima, palikuwa na Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kuhaririwa na Lambert, wa mwaka 1962: mmoja wa zile Johari za Kiswahili. Nilikuwa nimeutafuta utenzi huo, katika chapa hiyo hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi.

"Chukua, Daktari," akasema mwalimu mkuu. "Utakuwa umetuondolea."

Nakiri mbele ya wasomaji wangu kwamba mkono wangu ulikwisha kufika kwenye mkoba. Sababu nzuri hazikunikosa: nyumbani kwangu hapavuji, mimi ninaujua thamani yake, hapa utaliwa na mchwa. Kila mkusanyaji duniani ameyasema maneno hayo, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kitabu kilikuwa na muhuri. Mtu fulani, zaidi ya miaka 50 iliyopita, aliupiga muhuri ule akiwa na maana kwamba kitabu hiki ni cha watoto wa hapa. Nikikichukua, rafu yangu itapata johari moja, nao watoto wa hapa hawatajua hata kwamba waliwahi kuwa nayo.

Badala ya kitabu nikaomba meza, daftari na wanafunzi wawili. Jumamosi iliyofuata tulikutana, mvulana na msichana wa Kidato cha Tatu pamoja nami, tukayatoa yote juani. Tulipangusa vumbi, tukaandika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, mfululizo na nambari yake. Saa ya pili hivi yule msichana akainua kitabu kimoja cha rangi ya chungwa, akauliza, "Mwalimu, huyu James Ngugi ni ndugu yake Ngũgĩ wa Thiong'o?"

Nilifurahi kuliko siku niliyopata shahada yangu. Kitabu kilikuwa A Grain of Wheat, kilichotolewa kwanza mwaka 1967. Nikamweleza kwamba ni mtu yule yule. Kwamba vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi, kisha akalikataa jina la ubatizo, na matoleo ya baadaye yakabeba jina tunalolijua. Nikamweleza pia kwamba mwaka 1986 aliifanyia riwaya hiyo marekebisho, kwa hiyo aliyoishika si ile inayouzwa madukani leo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hapa bado hajabadilika." Naam. Ngũgĩ alifariki mwezi wa Mei 2025 akiwa mzee wa sifa duniani kote. Lakini katika stoo ile, juu ya jalada lile, alikuwa bado kijana ambaye hajajibatua. Hakuna toleo jipya linaloweza kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo.

Mkusanyaji hana budi kuamua anamkusanyia nani. Sisi wa Bonde la Ufa tunaye wa kuiga. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, si mbali na Salgaa. Aliacha siasa mapema, akautumia umri wake kukusanya sanaa, nyaraka na maelfu ya vitabu adimu kuhusu Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maktaba yake iliingia mikononi mwa serikali, na leo imo katika Jumba la Kumbukumbu za Taifa, Nairobi, ambako mwanafunzi yeyote aweza kwenda. Mkusanyo wake haukufa pamoja naye mwaka 1990 kwa sababu uliorodheshwa na kupewa mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali ambayo methali hiyo inaifaa zaidi ya vitabu.

Walimu wenzangu, sikuombeni fedha, wala jengo, wala idara mpya. Naomba mambo machache kabla ya toroli kufika mlangoni. Kwanza, tazameni ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake. Mkiona East African Literature Bureau, Eagle Press, East African Publishing House, au mwaka wowote kabla ya 1980, kiwekeni kando. Pili, msivue majalada wala kuyapiga gundi ya plastiki; ukanda ule hugeuka manjano ukala karatasi. Tatu, msifute majina ya wanafunzi wa zamani, mihuri wala bei, kwa kuwa hizo ndizo habari za safari ya kitabu. Nne, andikeni daftari, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe kwenye maktaba ya umma iliyo karibu. Tano, kitu kilichoorodheshwa kisitoke bila saini, hata kama anayekiomba ni daktari wa isimu mwenye mkoba mkubwa.

Nanyi wanafunzi, ulizeni nyumbani. Katika masanduku ya babu na nyanya mna vitabu ambavyo haviko katika maktaba yoyote. Msivichukue kwa siri. Viombeni, visomeni kwa sauti mbele ya wenyewe, muulize maneno msiyoyajua wangali hai wa kuwajibu.

Shule ile sasa ina kabati moja, lenye kufuli, ndani ya chumba cha walimu ambako paa halivuji. Utenzi wa Vita vya Uhud umo humo, nami huenda kuusoma kama mgeni mwingine yeyote, nikatia saini. Sitasema kwamba siutamani. Katika daftari, mstari wa kwanza kabisa, yule msichana aliandika: Mnyampala, 1954, hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo. Mabaki yale niliyarudisha mwenyewe, pamoja na zile nusu mbili za ukurasa wa jina zikiwa ndani ya bahasha.

Juzi nilipita tena Salgaa. Yule mama alinitambua, akanifungia njugu katika karatasi ya gazeti. Kisha akainama chini ya meza akatoa kitabu chembamba kisichokuwa na jalada, kurasa zake zote zikiwapo. "Hiki sikuchana, mwalimu," akasema. "Angalia kwanza kama ni kitabu."